Saa za Kazi na Saa za Mlima: Historia ya Kujiandaa kwa Mbio Ndefu za Baiskeli za Leadville

Mbio ndefu za baiskeli za milimani, yaani zile zinazomweka mshindani juu ya kiti cha baiskeli kwa saa nyingi mfululizo katika njia za mawe, changarawe na vumbi, huhesabiwa na wengi kuwa mchezo wa watu wenye nafasi, kwa hoja kwamba anayetaka kupanda milima kutwa nzima hana budi kwanza kuwa na siku nyingi za kujizoeza. Hoja hiyo ina mantiki, lakini historia ya mchezo wenyewe inaikanusha, kwa kuwa mashindano mashuhuri zaidi ya aina hii nchini Marekani, yale ya maili 100 ya Leadville katika jimbo la Colorado, yalibuniwa na mchimba madini aliyekuwa amepoteza kazi, yakapewa masharti ambayo mtu wa ridhaa, yaani asiyelipwa kwa ajili ya mchezo, angeweza kuyatimiza, na kwa miaka mingi yakategemea waajiriwa, wazazi na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakijizoeza alfajiri kabla ya kazi au usiku baada ya watoto kulala. Namna watu hao walivyojifunza kuutumia muda wao mchache ni sehemu ya historia ya kazi na mapumziko katika karne ya 20 kama ilivyo sehemu ya historia ya michezo.

Baiskeli yenyewe ya milimani ilitokana na muda wa ziada wa watu wa kawaida. Katika wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, vijana kadhaa wa miaka ya 1970 walikuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, wakizipandisha vilimani na kushuka nazo kwa kasi katika barabara za vumbi zilizochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Tarehe 21 Oktoba 1976 waliandaa karibu na mji wa Fairfax mashindano ya kwanza ya mteremko yaliyokuja kuitwa Repack, jina lililotokana na ukweli kwamba breki za nyuma za baiskeli hizo, ambazo hufanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyume, zilipata joto hadi grisi ikaungua, na kila baada ya mteremko habu, yaani kitovu cha gurudumu, ililazimika kufunguliwa na kupakwa grisi upya. Kutoka katika kundi hilo walitokea Joe Breeze, aliyeunda mwaka 1977 fremu ya kwanza iliyokusudiwa tangu mwanzo kwa matumizi hayo, pamoja na Gary Fisher na Charlie Kelly, ambao kwa kushirikiana na Tom Ritchey waliifanya kazi ya gereji kuwa biashara, na kufikia 1981 kampuni ya Specialized ilikuwa imetoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kwa wingi na kuuzwa madukani.

Huko Colorado kulikuwa na mkondo mwingine ulioanza mwaka huohuo wa 1976, wakati kundi la wakazi wa mji wa Crested Butte, wakiwamo wazima moto wa misituni, lilipovuka kwa baiskeli nzito za mjini mlango wa milima uitwao Pearl Pass, wenye kimo cha karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, hadi mji wa Aspen. Tofauti ya mikondo hiyo miwili ina uzito, kwani Repack ilikuwa mbio za dakika chache zilizopima ujasiri na uthabiti wa breki, ilhali safari ya Pearl Pass ilipima uwezo wa mwili kuendelea kufanya kazi kwa muda mrefu mahali penye hewa haba. Mashindano ya Leadville yamerithi chombo kutoka Marin na moyo kutoka milima ya Colorado.

Mji wa Leadville uko kwenye kimo cha takriban mita 3,100, na tangu mwanzo uhai wake ulitegemea kilichokuwa chini ya ardhi. Fedha, yaani madini yenyewe ya fedha, ndiyo iliyouvuta umati wa watu mwishoni mwa miaka ya 1870, na kuporomoka kwa bei yake mwaka 1893, serikali ya Marekani ilipoacha kuinunua kwa wingi, ndiko kulikoudhoofisha. Baadaye mji ulipata tegemeo jipya katika mgodi wa Climax ulioko karibu, mahali palipochimbwa molibdenamu, madini yanayochanganywa na chuma ili kiwe kigumu na kistahimili joto kali. Kwa miongo kadhaa mgodi huo ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya molibdenamu duniani, na familia nyingi za Leadville zilipanga maisha yao kwa zamu zake. Soko la chuma lilipodorora mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgodi ulisimamisha shughuli, na kufikia 1982 maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamepoteza ajira katika wilaya ambayo haikuwa na kazi nyingine ya kuwapa.

Miongoni mwa waliopoteza kazi alikuwamo Ken Chlouber, mchimbaji aliyekuja baadaye kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Colorado, ambaye kwa kushirikiana na Merilee Maupin alianzisha mwaka 1983 mbio za miguu za maili 100 kuzunguka milima ya Leadville. Hesabu yake ilikuwa ya kiuchumi zaidi kuliko ya kimichezo, kwa maana mbio ndefu kiasi hicho humlazimu mshiriki na jamaa zake kulala mjini, kula hotelini na kununua mahitaji dukani. Washiriki 45 walianza mbio za kwanza, na 10 tu ndio waliomaliza ndani ya muda wa saa 30 uliowekwa. Mbio za baiskeli zilifuata mwaka 1994, zikatumia umbali huohuo wa takriban kilomita 160 katika njia ya kwenda na kurudi, ikipita miinuko ya St. Kevins na Sugarloaf, ikishuka mteremko mkali wa Powerline unaofuata nguzo za umeme, kisha ikipanda hadi mgodi wa kale wa Columbine, penye kimo cha karibu mita 3,800, kabla ya kugeuka na kuyarudia yote kwa upande wa pili, hata mteremko wa Powerline ukawa mlima unaowashusha wengi wasukume baiskeli kwa mikono.

Masharti ya mbio hizo yalikuwa na athari kubwa kwa namna watu walivyojizoeza. Anayemaliza ndani ya saa 12 hupewa bizimu, yaani chuma cha kufungia mkanda wa kiunoni, na anayemaliza chini ya saa 9 hupewa bizimu kubwa zaidi. Tuzo hiyo ilitokana na desturi ya magharibi ya Marekani, ambako tangu 1955 wapanda farasi wa njia ya Tevis huko California walitunukiwa bizimu kwa kukamilisha maili 100 katika siku moja, desturi iliyohamia kwa wakimbiaji baada ya Gordy Ainsleigh kuikimbia njia hiyohiyo kwa miguu mwaka 1974. Kwa kuweka vipimo viwili vya muda badala ya kumtukuza mshindi peke yake, waandaaji waliwapa mamia ya watu wasiokuwa na tumaini la ushindi lengo linalohesabika, na lengo linalohesabika ni mwanzo wa ratiba, kwa sababu mtu akishajua kwamba anatakiwa kupunguza saa moja na nusu katika muda wake wa mwaka uliopita, huanza kujiuliza ni mazoezi ya namna gani yatakayompa saa hiyo, na wapi katika juma lake ataipata nafasi ya kuyafanya.

Jibu la kwanza lililokuwapo lilikuwa jibu la wingi. Katikati ya karne ya 20, Arthur Lydiard wa New Zealand, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha viatu na wakati fulani pia alisambaza maziwa usiku, alijijaribu mwenyewe kwa miaka mingi hadi akaamini kwamba msingi wa kila mbio ni masafa marefu ya mwendo wa wastani, takriban maili 100 kwa juma, na imani yake ilipata uthibitisho katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walipotwaa medali za dhahabu siku moja. Waendesha baiskeli walikuwa tayari na desturi kama hiyo ya kujenga msingi kwa safari ndefu za majira ya baridi, na washiriki wengi wa mwanzo wa Leadville waliirithi bila kuihoji. Ugumu ni kwamba baiskeli hudai muda mwingi kuliko kukimbia ili kuupa mwili mzigo unaofanana, na mtu mwenye juma la kazi la saa 40, kiwango kilichowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1938 na kufikiwa kikamilifu mwaka 1940, akitoa pia saa za usafiri, usingizi na familia, hubakiwa na asubuhi chache pamoja na siku mbili za mwisho wa juma. Sheria hiyo ndiyo iliyomwezesha mfanyakazi kuwa mwanamichezo wa Jumamosi, na ukomo wa Jumamosi hiyo ndio uliomlazimisha kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa imeshafunguliwa Ujerumani katika miaka ya 1930, pale kocha Woldemar Gerschler na daktari Hans Reindell wa Freiburg walipoendeleza mazoezi ya vipindi, ambayo humtaka mwanamichezo kujituma kwa nguvu kwa muda mfupi, kupumzika hadi mapigo ya moyo yashuke kufikia kiwango kilichopangwa, kisha kurudia. Kwa miongo kadhaa mazoezi hayo yaliaminiwa kuwa ya kunoa makali ya wakimbiaji wa masafa mafupi na ya kati, na wachache walidhani kuwa yangemfaa mtu anayejiandaa kwa kazi ya saa 10. Imani hiyo ilitikiswa na tafiti mbili. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake nchini Japani walichapisha matokeo ya mazoezi ya sekunde 20 za juhudi kali na sekunde 10 za mapumziko, yaliyorudiwa mara saba hadi nane, na wakaonyesha kwamba baada ya majuma sita yalikuwa yameongeza kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, pamoja na uwezo wa kufanya kazi pasipo oksijeni ya kutosha. Mwaka 2006 kundi la Martin Gibala katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada lililinganisha vijana waliokanyaga pedali kwa nguvu zote kwa sekunde 30, mara nne hadi sita, na wengine walioendesha mfululizo kwa dakika 90 hadi 120, na baada ya vipindi sita katika muda wa majuma mawili misuli ya makundi yote mawili ilikuwa imebadilika kwa kiasi kinachofanana, ingawa kundi la kwanza lilitumia jumla ya takriban saa mbili na nusu na la pili zaidi ya saa 10.

Matokeo hayo yasingekuwa na manufaa kwa mtu anayejizoeza peke yake gizani kama asingekuwa na namna ya kupima juhudi yake, na vyombo vya kupimia vilikuwa vikipatikana katika kipindi hichohicho. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipimo cha mapigo ya moyo kisichohitaji waya, chenye mkanda unaofungwa kifuani na saa inayovaliwa mkononi, na mwaka 1986 mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alibuni kipima nguvu kinachofungwa kwenye mikono ya pedali na kuonyesha kwa wati ni kiasi gani cha kazi kinachofanywa kila sekunde. Kutokana na wati hizo kulizaliwa dhana ya kizingiti, iliyofafanuliwa na Andrew Coggan kuwa nguvu ya juu ambayo mtu anaweza kuihimili kwa takriban saa moja, na kila zoezi likaanza kupangwa kwa asilimia ya kizingiti hicho. Joe Friel, katika kitabu chake cha mwongozo kilichotoka mwaka 1996, aliwafikishia waendesha baiskeli wa ridhaa mfumo wa kugawa mwaka katika misimu ya kujenga msingi, kuongeza makali na kupumzika, mfumo ambao mizizi yake ilikuwa katika kazi ya Lev Matveyev wa Umoja wa Kisovieti, na mwaka 2009 Chris Carmichael na Jim Rutberg walitoa kitabu kilichoandikwa mahususi kwa mwendesha baiskeli aliyebanwa na muda, kikipendekeza takriban saa sita za mazoezi kwa juma.

Hata hivyo, saa sita zina mipaka yake, na mtu aliyesoma tafiti za maabara bila kuijua njia ya Columbine angeweza kudanganyika. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alionyesha katika miaka ya 2000 kwamba wanamichezo bora wa michezo ya ustahimilivu hutumia karibu asilimia 80 ya vipindi vyao katika mwendo mwepesi na sehemu iliyobaki tu katika juhudi kali, jambo linalodokeza kwamba wingi wa kazi nyepesi una faida ambayo vipindi vifupi haviwezi kuileta. Tena mbio za saa 10 zinahitaji mambo yasiyopimwa kwa wati, kama vile tumbo lililozoea kupokea chakula na maji mwili ukiwa kazini, mikono na mgongo vinavyostahimili mtikisiko wa mawe, na akili inayojua kugawa nguvu ili isiishe kabla ya Powerline ya kurudi. Kwa hiyo ratiba iliyokubalika polepole miongoni mwa washiriki wenye ajira ikawa ya mchanganyiko, ikiwa na vipindi viwili au vitatu vifupi na vikali katikati ya juma, mara nyingi ndani ya nyumba juu ya kifaa kinachoishikilia baiskeli isisogee, na safari moja ndefu mwishoni mwa juma ambayo iliongezwa taratibu kadiri mwezi wa Agosti ulivyokaribia.

Kimo kilileta tatizo ambalo ratiba peke yake haikuweza kulitatua. Mahali penye mita 3,100 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 70 tu ya lile la pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwili huhitaji majuma mawili hadi matatu kuzoea hali hiyo, muda ambao mwajiriwa mwenye likizo fupi kwa mwaka mzima hana, na ndiyo maana wengi wa watu wa tambarare wamekuwa wakifika siku chache tu kabla ya mashindano, wakiwa wamekubali kwamba nguvu waliyoizoea nyumbani itapungua, na wakiwa wamejifunza kuanza polepole kuliko miguu inavyotaka.

Historia ya washindi nayo inaunga mkono hoja kwamba maisha ya kawaida na uwezo wa juu vinaweza kukaa pamoja. Dave Wiens wa Gunnison, Colorado, alishinda mara sita mfululizo kuanzia 2003 hadi 2008, miaka ambayo zama zake za mashindano makubwa ya kulipwa zilikuwa zinafikia ukingoni au zimekwisha, na alikuwa baba wa watoto watatu na mwanzilishi wa chama cha kutunza njia za baiskeli wilayani mwake. Mwaka 2007, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alimshinda Floyd Landis, mwendesha baiskeli mashuhuri wa barabarani, na kuwa wa kwanza kumaliza chini ya saa saba, na mwaka uliofuata alimshinda Lance Armstrong, ambaye alirudi na kushinda mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya kunyang'anywa mataji yake kwa matumizi ya dawa zilizokatazwa. Rebecca Rusch, aliyekuwa pia mzima moto wa kujitolea mjini Ketchum, jimbo la Idaho, alishinda upande wa wanawake mara nne mfululizo kuanzia 2009. Mafanikio yake hayapaswi kuficha ukweli kwamba muda wa mazoezi haujawahi kugawanywa kwa usawa kati ya wanaume na wanawake, kwa sababu saa ambayo mume huipata kwa kutoka nyumbani alfajiri mara nyingi ni saa ambayo mke huitumia kuwaandaa watoto, na safari ndefu ya Jumamosi ya mmoja hulipwa kwa kazi ya mwingine.

Umaarufu uliotokana na majina hayo makubwa ulibadilisha mashindano. Filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2009 iliyaonyesha katika kumbi za sinema nchini Marekani, na mwaka 2010 kampuni ya Life Time iliyanunua. Maombi yakizidi nafasi zilizopo, washiriki wengi huchaguliwa kwa bahati nasibu, na wanamichezo wa kulipwa wameshusha muda wa ushindi hadi saa 5, dakika 43 na sekunde 31, uliowekwa na Keegan Swenson mwaka 2023. Mgodi wa Climax ulifunguliwa tena mwaka 2012, lakini mji haukurudi kutegemea mwamba peke yake, na mfuko wa hisani unaohusiana na mashindano huwasaidia vijana wa wilaya hiyo wanaoendelea na masomo. Pamoja na mabadiliko yote, bizimu ya saa 12 imebaki palepale, na walio wengi wanaopanga mstari saa 12:30 asubuhi bado ni watu watakaorudi kazini Jumatatu.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa mlango wake yenyewe, kwa kuwa hapa baiskeli ilijulikana kwanza kama chombo cha kazi. Usafiri wa bodaboda ulianzia kwa baiskeli zilizobeba abiria na mizigo katika mpaka wa Kenya na Uganda, na waendeshaji hao walikuwa wakipata kwa kazi yao ya kila siku ustahimilivu ambao mfanyakazi wa ofisini hulazimika kuutafuta kwa ratiba. David Kinjah, aliyewalea vijana wengi katika kundi lake la Safari Simbaz nje kidogo ya Nairobi, akiwamo Chris Froome, alionyesha kwamba njia za vumbi na baiskeli za kuokoteza zinaweza kutoa washindani wa dunia, na timu ya Amani iliendeleza kazi hiyo kwa kuwapeleka Wakenya, Waganda na Wanyarwanda katika mashindano marefu ya changarawe, yakiwamo yale ya hatua nne yaliyoanzishwa Maasai Mara mwaka 2021. Nahodha wa timu hiyo, Suleiman Kangangi, alifariki dunia mwezi Agosti 2022 katika mashindano huko Vermont, Marekani, na kifo chake kilikuwa pigo kwa wote walioona katika safari yake kwamba pengo kati ya baiskeli ya riziki na baiskeli ya mashindano linaweza kuzibwa.

Funzo linalotokana na miongo hii ni kwamba maendeleo ya sayansi ya mazoezi yamemsaidia sana mtu mwenye shughuli nyingi kwa kumwonyesha kazi ipi izingatiwe na ipi iachwe, lakini sayansi hiyo haijawahi kumzalishia muda. Muda umetoka kwa sheria zilizoweka ukomo wa saa za kazi, kwa wenzi na watoto waliokubali kumkosa mtu wao kwa nusu ya Jumamosi, na kwa miji iliyozilinda njia zake za milimani ziwe wazi kwa kila mtu. Kila jamii inayotaka kuwa na mashindano kama ya Leadville, iwe katika nyanda za juu za Kenya au katika miteremko ya Usambara na Uluguru, itapaswa kuanzia hapo, kwa kumpa mfanyakazi wake saa chache zilizo zake kweli na njia salama ya kuzitumia, kwani yaliyobaki yameshagunduliwa na yanaweza kufundishwa.